Fundi wa Kwato za Kishindo

Ndugu zangu, leo nataka kuwapeleka mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kukanyaga: kwenye mbio za farasi. Naona mama mmoja pale nyuma amekunja uso. Tulia, mama. Siwapeleki kucheza kamari. Hatutakaa jukwaani kwa matajiri wenye kofia. Nawapeleka nyuma, mazizini, kwenye harufu ya nyasi kavu na mavi na jasho la mnyama. Na niseme mapema kwamba hadithi hii nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asitoke hapa akaenda kuulizia ni kina nani.

Kulikuwa na fundi mmoja wa viatu vya farasi. Ndiyo, farasi huvaa viatu. Ni chuma kilichokunjwa kama mwezi mwandamo, kinapigiliwa chini ya ukwato kwa misumari sita au saba. Na ukwato ni kama ukucha wako. Sehemu ya nje haina uhai. Unaikata, unaipiga tupa, unaipigilia msumari, na mnyama ametulia kama anayenyolewa. Lakini chini ya ukucha kuna nini? Si kuna nyama hai? Kila aliyewahi kujichoma na mwiba chini ya ukucha anajua. Sasa, kati ya ukuta ule mfu na nyama ile hai, nafasi anayopewa fundi haizidi unene wa punje ya mchele. Katika nafasi hiyo ndimo fundi huyu alimojipatia ugali wake kwa miaka ishirini na miwili. Tumwite Elkana.

Elkana alikuwa mzee wa kanisa. Harusi ikitaka mtu wa kusimamia, anaitwa Elkana. Ndugu wakigombania mpaka wa shamba, wanasema, "Tumwite Elkana, yeye hana upande." Na kazini ilikuwa vivyo hivyo. Alikuwa na tabia ya kuinamisha sikio anapogonga, kwa sababu msumari unaopita mahali pake hutoa mlio mkavu, na ule uliopotea njia hunyamaza. Alikuwa akisema, "Mimi sipigilii kwa macho. Napigilia kwa sikio."

Basi, kule nyanda za juu, kwenye baridi ya pareto na viazi, mama mmoja mjane alikuwa na shamba la farasi wa mbio. Si farasi wa kuvuta mkokoteni. Ni wale wa nasaba, ambao baba, babu na babu wa babu zao wameandikwa kitabuni vizuri kuliko wengi wetu tulivyoandikwa. Mwaka mmoja akazaliwa kitoto jike, rangi ya kahawia iliyoiva, na miguu yake ya mbele ilikuwa imegeukia ndani, magoti yanasalimiana. Kila aliyefika pale alitikisa kichwa. Daktari alisema, "Mama, huyu usimpotezee nyasi. Hatakimbia."

Mama akamwita Elkana. Elkana akachuchumaa mbele ya kile kitoto, akakitazama kikisimama, akakitazama kikitembea, akashika ukwato mmoja akaulaza kiganjani.

"Unaonaje, Fundi?" mama akauliza.

"Mama, mfupa bado mbichi," Elkana akasema. "Nikimkata ukwato upande mmoja kidogo kidogo, kila wiki tatu, mguu utajinyoosha wenyewe. Nipe mpaka mvua za masika."

Na kweli alifanya hivyo. Kila wiki tatu alipanda lori la viazi kwenda kule juu, akapiga tupa upande huu, akaacha upande ule, akashuka. Masika yalipofika, magoti yaliachana. Mwaka wa pili kile kitoto kilikimbia kutoka mwisho wa uwanda hadi getini, na kishindo cha kwato zake kikasikika mpaka jikoni. Mama akatoka na mwiko mkononi, akasema, "Nimepata jina lake." Akaitwa Kishindo.

Kishindo akapelekwa mjini, kwenye mazizi ya mkufunzi mmoja aliyekuwa na farasi kumi na wanane. Huko akakabidhiwa mtunzaji, mtu wa kumlisha, kumsugua, kumtembeza na kulala chumba cha pili kutoka kwake. Mtunzaji huyo aliitwa Ekiru. Ekiru alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, wa maneno machache. Hakusoma sana. Lakini alijua Kishindo hapendi ndoo ya plastiki, ananywa ya bati tu. Alijua akisikia ngurumo anatetemeka bega la kushoto. Alijua kwamba ukitaka akupe mguu usimvute, mguse nyuma ya goti useme, "Haya, bibi," naye ataunyanyua.

Mbio ya kwanza Kishindo alishindwa vibaya. Lango lilipofunguka alisimama akashangaa watu. Wenzake walishafika nusu ya njia ndipo akakumbuka kwamba ana miguu, na akamaliza wa sita kati ya saba. Watu walicheka. Mbio ya pili akawa wa kwanza. Ya tatu wa kwanza. Ya nne wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali hata mtangazaji akapumzika kidogo kabla ya kumtaja. Kufikia miaka minne alikuwa ameshinda mara kumi na moja. Picha yake ilitoka gazetini, na kwenye vibanda vya chai watu ambao hawajawahi kumgusa farasi walibishana kama kuna dume lolote nchini la kumpita.

Na ndugu zangu, farasi alipopanda, jina la fundi nalo likapanda. Watu walisema, "Miguu ile ni ya Elkana." Wenye farasi walitoka mbali kumtafuta. Mkufunzi alikuwa akiwaambia wageni, "Wanne wanaweza kugusa kwato za Kishindo: Mungu aliyeziumba, Ekiru anayeziosha, daktari nikimwita, na Elkana." Elkana alikuwa akiinama kuficha tabasamu. Alikuwa mtu mwema. Nataka mlishike hilo. Sisimulii habari za mtu mbaya. Habari za mtu mbaya haziwezi kutusaidia hapa, kwa sababu hakuna kati yetu anayedhani ni mtu mbaya.

Sasa ikafika ile mbio kubwa ya mwaka. Ilikuwa Jumapili. Ijumaa mchana Elkana akaja kumvalisha Kishindo viatu vya mbio, vile vyepesi vya alumini. Ekiru akashika hatamu, kama kawaida. Kiatu cha kwanza kikaingia, cha pili, cha tatu. Ukabaki mguu wa mbele, wa kushoto. Wakati huohuo mama mwenye farasi akaingia na wageni wanane, wamevaa vizuri, wametoka kula. Mkufunzi alikuwa mbele yao akiwaonyesha.

"Na huyu," mama akasema, sauti yake imejaa furaha, "ndiye aliyeninyooshea mtoto wangu miguu. Miaka ishirini na miwili, hajamwumiza farasi hata mmoja. Hata mmoja!"

Wageni wakapiga makofi. Elkana akainua kichwa kidogo, akatabasamu kwao, mkono ukaendelea na kazi. Akagonga msumari wa tano. Tak, tak. Halafu, kimya. Sikio lake likasikia ule unyamavu. Papo hapo Kishindo akavuta mguu. Hakupiga teke, wala hakulia. Aliuvuta kidogo tu, kama mtu aliyeguswa na maji ya moto, kisha akaurudisha.

Ekiru akasema, "Fundi, vipi?"

Elkana alijua. Kabla Ekiru hajamaliza kuuliza, alishajua. Na alijua dawa yake, kwa maana hata mwanagenzi wa mwezi wa kwanza anaijua. Unachomoa msumari ule. Unamwaga dawa ya kidonda kwenye tundu. Unamwambia mwenye farasi, "Samahani, nimegusa nyama." Farasi anachomwa sindano ya pepopunda, anapumzika wiki, basi. Atakosa Jumapili moja. Ni fundi gani duniani ambaye hajawahi kugusa nyama? Lakini hebu jiweke wewe pale, umepiga goti, umeshika mguu wa farasi maarufu, na watu wanane hawajamaliza kukupigia makofi kwamba hujawahi kukosea. Ungesema?

Elkana akasema, "Inzi. Inzi tu amemuuma."

Akachomoa ule msumari kwa haraka, kama anayeurekebisha, akapigilia mwingine palepale karibu, akazipinda ncha zilizotokeza ukwatoni, akapiga tupa. Dawa hakumwaga, kwa kuwa kumwaga dawa ni kukiri. Akaushusha mguu. Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni ya ngozi, akasalimiana na wageni mmoja mmoja.

Ekiru alimtazama.

Jumapili Kishindo alikimbia. Na alishinda! Elkana alikuwa amesimama kwenye uzio, jasho limemlowesha mgongo ilhali siku ilikuwa ya mawingu. Mita mia mbili za mwisho aliona kitu ambacho watu elfu tano hawakukiona. Kishindo alikuwa anautua mguu wa kushoto kwa kuuonea huruma, kama mtu anayekanyaga changarawe bila viatu. Lakini farasi wa namna ile hajui kuacha. Alipita mstari akiwa mbele kwa urefu wa shingo. Watu wakarusha kofia. Mama akalia. Elkana akapumua, akajiambia moyoni, "Unaona? Halikuwa jambo. Limepita."

Limepita! Ndugu zangu, neno hilo tumelitumia mara ngapi? Tulidanganya, jua likachomoza kesho yake kama kawaida. Tulidhulumu, na Jumapili tukaimba sauti ya pili vizuri kabisa. Tukasema, limepita. Tukadhani Mungu amenyamaza kwa sababu amekubali.

Jumatatu Elkana akarudi kuvua viatu vya mbio. Ekiru alikuwa amekwenda kuchota maji. Alipovua kile cha mguu wa kushoto, msumari wa tano ulitoka umelowa, na harufu yake ilikuwa mbaya. Sasa alikuwa na nafasi ya pili. Hakukuwa na wageni. Hakukuwa na makofi. Alikuwa peke yake na mnyama, na mkufunzi alikuwa hatua thelathini tu, akinywa chai ofisini. Alifanya nini? Alimwaga dawa kwa siri, akaosha, akakusanya vifaa vyake, akaenda nyumbani. Uongo wa kwanza alisukumiwa na watu. Huu wa pili aliuchagua mwenyewe.

Alhamisi Kishindo alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Ule wa nne aliuning'iniza, na alikuwa ameacha kula. Elkana akaitwa, na daktari wa mifugo akaja, akakata chini ya ukwato, usaha ukaruka. Akachimba, akasafisha, akanyanyua uso.

"Kuna kitu chenye ncha kiliingia humu," akasema. "Siku kadhaa zilizopita. Fundi, uliona chochote ulipovua kiatu Jumatatu?"

Wote wakamgeukia Elkana. Mkufunzi, mama, wapanda farasi wawili waliokuwa wamesimama mlangoni. Ekiru alikuwa amekishika kichwa cha Kishindo kifuani, na hakugeuka.

"Kilikuwa safi," Elkana akasema.

Neno moja na kitenzi chake. Kilikuwa safi. Daktari akaandika.

Kama fundi alikuta kiatu safi, basi kitu kile kimeingia baadaye, zizini, kwenye matandiko ya nyasi. Na nani anayesafisha zizi? Nani anayepekua nyasi kila asubuhi kuhakikisha hakuna waya wala msumari? Hesabu ilikuwa rahisi. Jumamosi ile Ekiru aliambiwa afungashe. Kwa kuwa chumba chake kilikuwa cha kazi, alipoteza kazi na makao kwa siku moja. Mazizi yote ya mjini yakaambiwa: yule ndiye aliyemharibu Kishindo. Hakuna aliyemchukua tena. Siku alipoondoka, Elkana alimwona anakuja njiani na mzigo wake begani, akaingia nyuma ya lori la nyasi akajifanya anafunga kamba ya kiatu, mpaka miguu ile mirefu ikapita.

Uchafu ulikuwa umefika kwenye mfupa. Kishindo alitibiwa miezi saba. Hakufa, Mungu alimhurumia. Lakini hakukimbia tena. Alikuwa na miaka mitano tu. Farasi wa namna yake angeweza kukimbia miaka mingine miwili, labda mitatu. Wakampeleka juu kule alikozaliwa, akakaa kwenye uwanda wa shamba akichechemea kidogo siku za baridi. Wakasema atazaa.

Na nani alikuwa akienda kule juu kumtunza kwato? Elkana. Kila wiki sita alipanda. Mama alimkaribisha chai, akamwambia, "Fundi, watu wananiuliza kwa nini nisitafute fundi wa karibu. Nawaambia, sitamwamini mtu mwingine." Halafu Elkana alishuka uwandani, akamgusa Kishindo nyuma ya goti, na Kishindo akampa mguu. Mguu uleule. Hakusita hata kidogo. Aliulaza mkononi mwa Elkana kwa uzito wake wote, akasinzia.

Hilo ndilo lililomvunja. Angempiga teke, ingekuwa nafuu. Angemuuma bega, angeshukuru. Kuaminiwa na uliyemuumiza, tena kila wiki sita, kwa miaka miwili na nusu, ni adhabu ambayo hakimu hawezi kuitoa. Elkana alianza kukosa usingizi. Kanisani walipomwomba aongoze maombi ya toba alisema koo linamuuma. Mkewe akamuuliza, "Wewe, una nini?" Akajibu, "Mgongo." Kazi ile huumiza mgongo kweli, kwa hiyo mkewe akamkanda, na Elkana akalia uso ameuzamisha kwenye mto.

Mwishowe akaamua kumtafuta Ekiru.

Alimpata kwenye machimbo ya mawe, upande wa pili wa mji. Ekiru alikuwa anachonga mawe ya kujengea. Amekonda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimefungwa kitambaa. Alimwona Elkana kwa mbali akaweka nyundo chini, akamngoja.

"Ekiru, ndugu yangu," Elkana akaanza. "Nimekuja kukwambia jambo ambalo hulijui. Ule mguu wa Kishindo. Hakukanyaga kitu zizini. Ni mimi. Ni ule msumari wa Ijumaa. Niligusa nyama, nikaficha. Wewe ulifukuzwa kwa kosa langu."

Ekiru akajifuta vumbi usoni. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimeshika hatamu, Fundi. Pumzi yake ilikuwa usoni kwangu. Unadhani sikujua inzi ni inzi na msumari ni msumari?"

Elkana akashtuka. "Ulijua? Ulijua, na hukusema?"

Sasa sikilizeni jibu la Ekiru. Hili ndilo nililowaletea leo.

"Nilisema," Ekiru akajibu. "Jumamosi ile, kabla sijafungasha, nilikwenda ofisini nikamwambia mkufunzi kila kitu. Nikamwambia, 'Bwana, ulikuwa msumari wa Fundi, nilimwona Kishindo akivuta mguu.' Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Elkana? Mzee wa kanisa? Mtu wa miaka ishirini na miwili bila doa? Ekiru, nilikuwa nakufukuza kwa uzembe. Sasa nakufukuza kwa uzembe na kwa uongo.' Na hivyo ndivyo alivyowaambia wenzake. Uzembe peke yake, mtu anaweza kupata kazi kwingine. Uongo, hapana."

Akaokota nyundo yake.

"Si msumari ulionileta hapa, Fundi. Msumari ungenifukuza zizi moja. Kilichonileta hapa ni jina lako zuri."

Ndugu zangu, Elkana alikwenda pale akidhani ana deni la kunyamaza. Akakuta kwamba hakuwa amenyamaza kamwe. Siku ile ofisini, yeye hayupo, jina lake lilikuwa limekaa pale kitini likitoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mnyonge. Na likaaminiwa! Sifa zote alizokusanya, kila harusi aliyosimamia, kila ugomvi aliousuluhisha, vyote vilipangwa mstari siku ile vikamkandamiza Ekiru.

"Nisamehe," Elkana akasema.

"Nimekusamehe zamani, maana ningebaki na hasira nisingeweza kuchonga jiwe," Ekiru akasema. "Lakini msamaha wangu utabaki hapa machimboni. Hauwezi kwenda mjini kunisafisha. Uongo hukuusemea hapa, Fundi. Uliusemea kule."

Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili. Elkana aliomba watu wa mazizi waitwe, na mama pia. Akasema yote mbele yao, tangu makofi mpaka "kilikuwa safi". Hakujitetea kwa wageni wala kwa inzi. Mkufunzi alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Alichosema kilikuwa kidogo: "Ungeniambia Ijumaa ile, Elkana. Tungekosa Jumapili moja tu. Jumapili moja!"

Mama hakumwambia Elkana neno, wala tangu siku ile hajawahi kumwambia. Aliinuka, akapita mbele yake, akamwendea Ekiru, akamshika ile mikono yenye vumbi la mawe. "Baba, nifanye nini?" akamuuliza. Ekiru akasema hataki mjini tena. Akaomba apandishwe kule juu kwa Kishindo. Ilikuwa miezi mitatu kabla Kishindo hajazaa, na Ekiru alikuwepo mtoto alipotoka.

Na Elkana? Mazizi ya mjini yalimwacha. Uzee wa kanisa akaurudisha mwenyewe. Siku hizi anakata kwato za punda wa wachuuzi wa maji sokoni. Akigusa nyama, anamwita mwenye punda palepale, anamwonyesha, anamwaga dawa. Watu wanashangaa fundi gani huyu anayetangaza makosa yake. Mkewe anasema analala.

Sasa tuache farasi. Tuzungumze sisi.

Sisi tuliomo humu ndani tuna majina mazuri. Tazama ulivyovaa. Tazama unakokaa, viti vya mbele. Mtaani wanasema, "Yule ni mtu wa Mungu." Vizuri. Simkatazi mtu kuwa na jina zuri. Lakini nataka kuuliza, na usimtazame jirani yako. Nyumbani kwako, yule msichana wa kazi aliyeondoka akilia, aliyesema jambo juu ya mtoto wako ukamwita mwongo, unajua kweli alidanganya? Ofisini kwako, kosa lile ulilomwachia mdogo wako wa kazi alibebe kwa kuwa yeye hana wa kumtetea, limepita? Mwalimu, yule mwanafunzi uliyemsingizia, na wazazi wake wakamchapa kwa sababu "mwalimu hawezi kusema uongo", yuko wapi leo? Na mimi ninayesimama hapa na kitambaa hiki shingoni, ni nani alisema kweli juu yangu akaambiwa, "Mchungaji? Nyamaza"?

Tumezoea kutubu hapa mbele. Tunapiga magoti, tunalia, tunanyanyuka wepesi, tunakwenda kula. Mungu anasikia, sikatai. Lakini kuna mtu mahali fulani anachonga mawe. Machozi yetu ya hapa hayamfikii. Alisema kweli, na wema wetu ukamziba mdomo.

Leo sitawaita mje mbele. Mbele hapa hamna mtu mliyemkosea. Nitafupisha ibada kwa nusu saa, na wimbo wa mwisho hatutauimba. Nusu saa hiyo nimewapa iwe nauli ya miguu yenu. Wewe unajua ni mlango gani. Nenda ukabishe. Na akifungua, usianze kwa kumweleza wewe ni mtu wa namna gani. Mwambie, "Ulisema kweli," kisha mwende wote mpaka kwa yule aliyeamini kwamba alidanganya.

Simameni. Milango iko wazi.